Bonde Lililoachwa Nje ya Mpaka

Bakary alikuwa akila wali kwa mbaazi huku akijisifu. Mtu akifanya yote mawili pamoja, kaa mbali kidogo. Punje huruka.

"Mama Zulfa, kamati tumemaliza! Masharti ya kutoka yako tayari. Jumamosi watu wanapitisha, basi."

Mkewe, Mwanawetu, alitabasamu. Kitongoji chao cha Chilola kilikuwa kimechoka kuwa chini ya kijiji cha Namikunda. Ofisi iko mbali, na kila jema huanzia kwa wenzao. Mkutano uliopita waliulizwa, "Tutoke, tuombe kuwa kijiji chetu?" Mwanawetu ndiye aliyeanza kupiga vigelegele. Waongo wa kijiweni walisema vilisikika mpaka kule Mtua, mbali kabisa.

Jirani yao Letisia, aliyeolewa hapo kutoka Ruangwa, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Chumvi alishapewa, lakini hakuondoka.

"Shemeji, mpaka mmeuweka wapi?"

"Barabarani. Juu ya barabara kwetu, chini kwao. Mikorosho yetu yote iko juu. Hatupotezi hata mche!"

"Na bonde?" aliuliza Mwanawetu.

"Bonde lipi?"

"Hilo ulilonalo mdomoni."

Bakary akaacha kutafuna. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu. Walikumbuka mikorosho, wakakumbuka msikiti, wakakumbuka hata uwanja wa mpira. Bonde la mpunga, wanakoinama wake zao, hakulikumbuka hata mmoja.

Mwanawetu akakaa chini. Kipande chake bondeni alipewa na kijiji. Kijiji kikiwa cha wengine, nani atamtetea? Watoto watakula nini?

"Jamani! Kumbe nimeipigia vigelegele njaa yangu mwenyewe!"

"Hujachelewa," alisema Letisia. "Kwetu nako tulijitenga hivihivi. Tulishangilia kwanza, masharti tukayauliza baadaye. Tulilia. Sikiliza, shoga. Kutaka kutoka ni swali moja. Kutoka kwa masharti gani ni swali jingine, nalo lina kura yake. Kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane anapiga, mke kama mume. Masharti yasomwe yote, kwa sauti. Usipoelewa, uliza. Usipoyataka, yakatae, yarekebishwe. Na mkiogopana macho, ombeni kura ya siri."

"Si Serikali ndiyo inaamua?"

"Neno la mwisho ni lao. Masharti yanatoka hapa kitongojini, yanakwenda mkutano mkuu wa kijiji, kata, wilaya, mpaka juu. Lakini nyie mkipitisha bila bonde, nani huko juu atajua mna bonde?"

Jumamosi, kwenye uwanja wa shule, Masoudi, mwenyekiti wa kitongoji, alisoma masharti mbiombio kama anakimbizwa na nyuki. Mwanawetu akasimama.

"Mwenyekiti, bonde liko sharti la ngapi?"

Masoudi akafunua karatasi mbele, akafunua nyuma. Halikuwemo. Wanawake wakatazamana. Mmoja akashika kichwa.

"Mama, si wewe uliyetupigia vigelegele?" aliuliza Masoudi.

"Vile vilikuwa vya posa, mwenyekiti. Mahari ndiyo kwanza naisikia leo."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Kila mtu alikuwa amekumbuka chakula cha nyumbani kwake.

Wakaomba kura ya siri. Kila mtu alipewa punje ya hindi na punje ya mbaazi. Aliingia darasani peke yake na kutumbukiza moja chunguni: hindi kuyakubali masharti, mbaazi kuyakataa. Masoudi alipomimina chungu, mkeka ukajaa mbaazi. Mahindi yalikuwa ya kutafuta.

"Baba Zulfa, na wewe?" Mwanawetu alinong'ona.

"Kura ni siri," alijibu Bakary. "Lakini wali naupenda."

Kamati ikaundwa upya, safari hii wanawake wakiwemo. Walikaa na wazee wa Namikunda, wakabishana, wakaelewana: bonde litalimwa na pande zote mbili, na hakuna atakayenyang'anywa kipande chake. Masharti mapya yakasomwa polepole. Watu wakauliza mpaka wakachoka. Walipopiga kura tena, mahindi yakashinda. Mkutano mkuu wa kijiji nao ukakubali, na maombi yakapelekwa juu.

Jibu bado halijaja. Lakini mpunga unavunwa, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Juzi Bakary alishuka bondeni kwa mara ya kwanza, kubeba magunia. Alizama kwenye tope, akashtuka.

"Mama Zulfa! Kumbe huku tope linafika magotini!"

"Vuta mguu, baba Zulfa," alisema mkewe. "Njaa ingefika shingoni."