Jumatatu ya Mume wa Ng'ambo

Nilitoka kununua samaki tu. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima wa Koko unasema jioni ile nilikwenda kwa mganga. Mganga gani? Nilikwenda kwa Issoufou, mkaanga samaki wa nyuma ya kituo cha mabasi, kama ninavyokwenda kila nikishikwa na kiu ya Abidjan.

Wasioijua kiu hiyo waniache. Mimi Amenan ni msusi, na nimesuka vichwa vya Abidjan tangu usichana wangu mpaka binti yangu Prunelle alipoanza kung'oka meno. Kurudi hapa Bouaké kwa mama kumeniponya mengi, lakini masikio yangu yalibaki kule. Bouaké ni mji, sikatai. Ila jua likizama tu watu wanaanza kupiga miayo, na ukicheka kwa sauti jirani anachungulia kuuliza kuna msiba gani.

Ndiyo maana ninakwenda kwa Issoufou. Aliwahi kuuza Yopougon, mtaa wa kule kule Abidjan, basi anamkaanga jodari kwa mtindo wa kule, kwenye mafuta yaliyokwishachoka, anamweka juu ya atieke, ule muhogo wa kukunwa uliopikwa kwa mvuke, na pilipili za kukatakata. Unakula umesimama. Basi la jioni kutoka Abidjan linaegesha karibu na meza yake, injini bado ya moto, na abiria wanashuka na midomo yao ya Abidjan, wanatukanana, wanasukumana, wana haraka ya kwenda wasikokujua. Unasikiliza, unanusa, unarudi nyumbani umetulia. Tuko wengi wenye ugonjwa huo.

"Wagonjwa wangu, pangeni mstari!" Issoufou hupiga kelele. "Daktari ana kisu kimoja!"

Sasa, jioni ile nilikuwa na sababu nyingine ya kutoka. Mchana Wilfried alikuwa ameingia Bouaké.

Wilfried ni baba wa Prunelle, mume wangu wa zamani. Alisimama uani kwa mama, viatu vinang'aa, hata salamu hakutoa vizuri. Yule mwanamke aliyeniletea ndani ya nyumba hajamzalia, basi amekumbuka kwamba ana mtoto.

"Kesho alfajiri naondoka na Prunelle," alisema. "Mtoto wa Abidjan hawezi kukulia porini."

"Baba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake," mama akamwambia kwa upole. "Hata kwenu wanajua."

"Mama mkwe, mambo yako ya kijijini kaa nayo. Amenan, ukileta fujo nakuja na askari. Unanijua."

Namjua! Prunelle alikuwa amejificha nyuma ya sketi yangu, amenishika kama anataka kunirarua. Wilfried alipoondoka kwenda nyumba ya wageni ya karibu na kituo, nililibamiza lango la ua. Si kwa hofu. Kwa hasira. Ningekuwa na meno ya kutosha ningemtafuna mbichi.

"Naenda kununua samaki," nikamwambia mama.

"Leo?" akaniuliza. "Leo Jumatatu, mwanangu."

"Jumatatu ya nani tena, mama?"

Nikatoka.

Hapo inabidi niwaeleze. Sisi Wabaule kila mtu ana mwenzi aliyemwacha ng'ambo ya pili, ulimwengu usioonekana, siku alipozaliwa. Wa kwangu ni mume. Msije mkamwita jini, hatakubali. Mume wa ng'ambo ana wivu, na akikusumbua unamchongea sanamu ya mti, unaiweka chumbani, unampa usiku wake. Wangu aliomba Jumatatu. Kila Jumatatu niliweka yai na kikombe cha maji miguuni pa ile sanamu nikalala peke yangu, na Wilfried alilijua hilo kabla hajanioa. Mwanzoni alicheka. Halafu Jumatatu moja alirudi amelewa, akaibeba sanamu kwapani, akapanda nayo darajani na kuitupa ndani ya ziwa la Abidjan, lile lililoungana na bahari.

"Mwambie mume mwenzangu akaogelee," aliniambia.

Nililia. Kisha nikajiambia yamekwisha, sanamu hakuna, mume hakuna. Mbaule yeyote anayesikia hapa ameshashika kichwa.

Ulikuwa msimu wa upepo wa jangwani. Vumbi jekundu, midomo imepasuka, mabomba ya mji yamekauka na watu wanalinda ndoo zao usiku na mchana. Basi la Abidjan lilichelewa. Lilipoingia, giza lilikuwa linaanza kushika.

Watu wakashuka. Wakatukanana. Wakaondoka.

Halafu akashuka mmoja wa mwisho.

Mwanamume mrefu wa shingo, suti nyeupe. Mimi ni msusi, macho yangu huanzia kichwani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari ya zamani, ile iliyokuwa ikisukwa na bibi zetu, ambayo siku hizi hakuna anayeijua. Mistari myembamba, iliyonyooka. Hakuna kidole kinachosuka vile. Ilikuwa kama imekatwa kwa kisu. Mashavuni alikuwa na chale ndogondogo, na kwenye pindo la mkono wa suti yake...

Tone.

Tone.

Maji. Katika vumbi lile, yalikuwa yanadondoka maji.

Alikuja akasimama karibu nami. Moto wa Issoufou ukafifia, mafuta yakanyamaza kwenye karai. Nikasikia harufu. Dizeli, tope, magugu maji yanayooza chini ya daraja. Harufu ya ziwa la Abidjan. Loo, jinsi nilivyoivuta!

"Umekuja kuinusa," alinong'ona. "Nimekuletea."

Na kweli aliniletea. Nikasikia honi za Yopougon. Nikasikia muziki wa kona yetu, wanawake wakiita wateja, mpiga debe yule mwenye kigugumizi, mvua ikipiga mabati ya saluni yangu. Vyote masikioni mwangu, hapo hapo Bouaké. Nililia mbele za watu bila aibu.

Issoufou akaweka sahani moja.

"Na ya mgeni?" nikauliza.

"Mgeni gani, dada?" Akatazama chini ya meza, akaruka nyuma. "He! Nani amemwaga maji hapa? Mji hauna maji, nyie mnaoga mezani kwangu?"

Yule mtu hakumtazama. Alichukua tonge kwenye sahani yangu.

"Leo siku gani, mke wangu?"

Nikaisukuma sahani upande wake.

"Jumatatu," nikasema.

"Kule chini kuna baridi." Akatafuna polepole. "Nani alinitia majini?"

Watu wananiuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbie nini? Akilini nilimwona tena Wilfried uani kwa mama. Niliona vidole vya Prunelle kwenye sketi yangu. Nilikumbuka yule mwanamke akipaka lipstiki mbele ya kioo changu. Mdomo wangu ulikuwa mtamu siku ile kuliko siku yoyote.

Nikamtajia jina lote, la baba na la babu. Nikamwelekeza kwa kidole nyumba ya wageni, nilikomwona Wilfried akiingia chumbani wakati napita. "Chumba cha mwisho," nikasema. "Mlango wa kijani. Usikosee."

"Sikosei. Na mtoto anayegombewa?"

"Hagombewi na mtu!" Hasira ilikuwa bado imenipanda. "Prunelle ni wangu mimi. Hana baba."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa madogo, yamechongoka.

"Anaye," akasema.

Akanigusa mgongoni, kidogo tu, kama mtu anayeaga. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Mafuta yakaanza tena kuchemka, na Issoufou akawa anapangusa maji kwa tambara huku akilaani.

Nyumbani mama alinipokea samaki, akanizungusha.

"Nani kakulowesha?"

Mgongoni pa gauni langu palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vyote vilionekana. Mama alikinusa kile kitambaa, akakaa chini taratibu. Samaki hakuliwa.

Alfajiri tulikuwa tumekaa nyuma ya mlango, komeo limepita, Prunelle katikati yetu. Tulisubiri viatu vya Wilfried. Basi la kwanza likapiga honi likaondoka. Jogoo wakachoka. Jua likapanda, na Wilfried hakuja.

Wakaja watu wengine, mbio.

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa kwa ndani, wakauvunja. Wilfried alikuwa kitandani, chali. Shuka kavu. Sakafu kavu, na vumbi lake juu. Mganga wa zahanati alipombonyeza kifua, maji yakamtoka mdomoni. Yakatoka, yakatoka... Mwenye nyumba ya wageni akaleta ndoo, ikajaa. Maji ya chumvichumvi. Mwishoni likatoka gugu maji, na ua lake la zambarau halijanyauka.

Askari wakaniita, kwa kuwa mtaa mzima ulisikia ugomvi.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Kwangu, na mama yangu na mwanangu."

"Marehemu amezama."

"Amezama kwenye nini, afande? Mji mzima unakinga ndoo. Nimemzamisha kwa mate?"

Akafunga daftari. Nikaenda zangu. Mchana ule nilikula atieke baridi sahani nzima, nikalala usingizi wa mtoto. Sijutii. Nisikieni vizuri, sijutii hata chembe. Malipo ni hapa hapa duniani, na Wilfried alilipwa kwa maji yaleyale.

Jumatatu iliyofuata, kufungua mlango, sanamu imesimama kizingitini. Mti wake umevimba, chale zimeota ukoga wa kijani. Mama alikuja nyuma yangu akaniwekea mkono begani.

"Ile sanamu ni kiti chake tu, mwanangu," alisema. "Ukikitupa kiti, aliyekikalia anasimama."

Nikaiingiza chumbani. Yai, kikombe cha maji. Nikalala peke yangu.

Na Abidjan ikaja.

Tangu hapo kila Jumatatu, magharibi ikiingia tu, chumba changu kinajaa Abidjan. Honi, muziki, mvua, harufu ya ziwa. Issoufou aliniona sokoni akanitania: "Mgonjwa wangu, umepona? Huonekani!" Nikamwambia nimepona. Sikumdanganya. Nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuwa nayo hata nilipoishi kule kwenyewe.

Mpaka wiki iliyopita.

Prunelle alikuwa amelala na bibi yake, chumba cha pili. Asubuhi ya Jumanne nikamwita nimchane nywele kabla ya shule. Akaja akainamisha kichwa magotini pangu kama kawaida yake.

Kilikuwa kimesukwa.

Mistari ya zamani. Myembamba, iliyonyooka, kama imekatwa kwa kisu.

"Nani kakusuka?" nikauliza.

"Baba."

"Baba yako amekufa, mwanangu."

"Si yule." Akacheka, akaziba mdomo wake wenye pengo. "Baba wa chumbani kwako. Mama, kumbe Abidjan iko kwako na hunifungulii?"

Nikaanza kufumua. Mikono hii imefumua vichwa visivyo na idadi, lakini kichwa kile kilinishinda. Kila msuko niliofumua ulitoa maji. Yalinitiririka mapajani, baridi, na harufu yake ilikuwa ileile niliyoipenda. Nilipomaliza mstari wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umeshajisuka tena.

"Amesema nini kingine?"

"Amesema Jumatatu tutakwenda wote Abidjan. Hatupandi basi." Aliinua uso akanitazama, amefurahi. "Tutapita chini."

Nilikimbilia mganga siku hiyo, sasa ndiyo. Mtaa uliseme hilo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: ni nani alitamka kwamba mtoto hana baba? Nikajishika mdomo. Akanirudishia kuku niliyemletea malipo.

Leo ni Jumatatu. Jua linazama. Sanamu nimeirudisha nje, nikaikuta ndani. Nimeipeleka nje tena, imo ndani. Nimemfunga Prunelle kiunoni kwangu kwa kitenge, fundo juu ya fundo, tumo chumbani kwa mama, naye amekaa mlangoni na mchi mkononi, anasali. Nilimzuia Wilfried asimpandishe mwanangu basi. Nilimtaja jina kwa furaha. Nikimtazama huyu mtoto, joto lake tumboni pangu, ningemtaja tena.

Honi...

Haikutoka barabarani. Imetoka chumbani kwangu, chini ya kitanda.

Sakafu imeanza kulowa. Mama ameacha kusali. Kuna mtu anagonga mlango wa chumbani kwangu, kwa ndani, polepole, kama mkwe mwenye adabu.

"Hodi," ananong'ona.

Nimemziba Prunelle mdomo kwa mikono yote miwili. Nywele zake zinanitiririkia vidoleni. Vidole vinateleza.

"Karibu, Baba," amesema mwanangu.