Tochi ya Mwanga wa Njano

Tochi aliyorudi nayo Ezekia kutoka kwenye mizinga ya nyuki ilimfanya kila mtu aonekane maiti, isipokuwa yeye mwenyewe. Mwanga wake ulikuwa mweupe wenye ukijani. Julieth akipakua ugali aliiona mikono yake imepauka kama ya mtu wa mochwari, lakini mumewe pale mkekani midomo ilikuwa myekundu na mashavu yanang'aa. Na ile harufu. Alinuka majani yaliyooza, akaoga, akanuka vilevile.

Kandili alilivunja siku aliyorudi. Tochi ya mkewe, yenye mwanga wa njano, aliitupa chooni. Sasa alikuwa anamshikilia Julieth waende wote porini, kwenye njia ya zamani ya misafara alikopiga kambi. Warina asali wa Ntalikwa hawalali pale kabla ya kumwaga unga kidogo chini, kuwaomba radhi wapagazi waliofia njiani bila kuzikwa. Ezekia hakumwaga hata chembe. Kiburi tu, na sasa nyumba nzima inakilipia.

Julieth alipanda bodaboda hadi mjini, amefura.

"Dada Kruti, nipe tochi isiyodanganya."

Kruti, mwenye duka, alimwingiza stoo, akafunga mlango, akawasha tochi moja moja juu ya fungu la nyanya.

"Hii imeandikwa 6500, ndiyo namba ya rangi ya mwanga, ina ubluu. Hii nyeupe ina ukijani, nyanya imekuwa kama mbovu, umeona? Sasa hii ya 3000. Ni njano kama kandili, na wekundu unauona ulivyo. Hata ngozi ya mtu."

"Nipe hiyo."

"Lakini haifiki mbali, mama."

"Ninayemtaka yuko karibu."

Jua lilipozama alimkuta Ezekia mkekani. Hakumsalimu. Alimmulika usoni, na katika mwanga ule uliotoa vizuri wekundu wa kanga yake na wa udongo wa ukutani, uso wa mumewe ulibaki wa kijivu, midomo ya kijivu, ulimi wa kijivu ukihangaika kutafuta maneno, na huko nje zikaanza kusikika nyayo za watu wengi wakitembea kwa mstari, wakihema, wakizunguka nyumba, wakihema tena kama waliobebeshwa mizigo mizito.

"Zima," ilinong'ona sauti ambayo haikuwa ya Ezekia.

"Sizimi. Toka ndani ya mume wangu."

"Sina pa kwenda."

Hasira ilimpanda Julieth kuliko woga. Mume wake kugeuzwa kibanda cha kujikingia mvua!

"Kama huna pa kukaa, njoo kwangu uone kama kutakalika. Yeye mwache."

Nyayo zilinyamaza. Harufu ikakatika. Midomo ya Ezekia iliingia damu taratibu, akakohoa, akamwita mkewe kwa sauti yake mwenyewe. Julieth aliangua kilio, akampa tochi ashike ili amletee maji.

Ezekia alimmulikia njia. Kisha mwanga ukapanda hadi usoni kwa mkewe, kwenye midomo ya kijivu.

"Julieth," alisema, akirudi nyuma mpaka ukutani, "usinisogelee."