Kila Trei na Kiu Yake

Mkulima mmoja alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alibeba kopo la maji, akachungulia trei za miche moja baada ya nyingine. Mgongo ulimlia kama mlango usiotiwa mafuta. Majirani wakadhani ni jogoo, wakaamka.

Binti yake alikuwa anajifunza kuandika programu. Akamhurumia.

"Baba, pumzika. Nitaiandikia pampu maagizo kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Itamwagilia yenyewe."

"Pampu haina macho, mwanangu."

"Kila trei nitaichomekea kipima unyevu. Hayo ndiyo macho."

Kweli, pampu ikafanya kazi. Baba akalala hadi jua likaona haya kumwamsha. Lakini baada ya siku chache miche ikageuka njano. Ukiuvuta mmoja, mizizi imeoza. Udongo ulilowa kiasi kwamba samaki angehamia humo na mizigo yake. Trei ya mlangoni tu ndiyo ilinawiri.

"Hii ndiyo miche yetu ya msimu," baba alisema. "Ikifa, shambani tutapanda nini? Kesho naing'oa hiyo pampu!"

"Nipe leo tu, baba."

Binti akamkimbilia jirani yao, mwalimu wa kompyuta. Mwalimu akaja, akatazama programu.

"Hebu nisomee ulichoiambia pampu."

"Kama trei ya kwanza ni kavu, pita kwenye trei zote, mwagilia kila moja."

"Na trei ya kwanza iko wapi?"

"Pale mlangoni, juani."

"Basi hiyo hukauka kabla ya nyingine. Bibi wee, umemuuliza mtu mmoja kama ana kiu, kisha ukaunywesha ukoo mzima!"

Baba alikuwa amekasirika, lakini kicheko kikamponyoka.

Mwalimu akaeleza. "`for` ni mzunguko. Unapita kwenye trei moja, kisha nyingine, mpaka ziishe. `if` ni swali. Swali likikaa nje ya mzunguko, linaulizwa mara moja tu. Likikaa ndani, kila trei inaulizwa hali yake."

Binti akajipiga kofi kwenye paji la uso. Akalihamishia swali ndani:

```
for (const trei of treiZote) {
  if (trei.kavu) {
    mwagilia(trei);
  }
}
```

"Na ile iliyolowa?" baba aliuliza.

"Jibu likiwa hapana, inarukwa, mzee wangu," mwalimu akajibu. " Mzunguko unaendelea na inayofuata."

Binti akaiwasha. Pampu ikanguruma. Trei ya mlangoni ikapata maji. Wote wakaikodolea macho trei ya pili. Kimya. Hata tone halikudondoka.

"Imeiruka!" baba akapiga kelele, utadhani timu yake imefunga bao. "Na hii nayo! Imeiruka!"

Binti akakaa chini palepale. Pumzi aliyoishusha ingetosha kukausha udongo.

Michache haikupona. Mingi ikatoa majani mapya, mabichi. Mvua ilipoanza, waliihamishia shambani, na shamba likajaa mpaka ukingoni.

Jioni ya siku waliyomaliza kupanda, baba alinawa mikono, akamgeukia binti yake.

"Pampu ibaki. Sasa iandikie na maagizo ya vitunguu. Ila, mwanangu, swali liwe ndani."