Bibi Hatajwi Juu ya Maji

Mvua ilikuwa imeisusa Kisangani siku kumi na moja, vumbi la mitaa ya Makiso limewapanda watu mpaka kwenye nyusi, lakini viatu vya Faustin vilirudi nyumbani vimelowa. Wala si kulowa kwa jasho. Vililia chapa, chapa, chapa kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, kama vyura wawili waliolazimishwa kubeba mzee.

Kaswera, mkewe, aliviangalia. Mama huyu aliuza maharagwe na vitunguu vya Butembo kwa jumla, na jicho lake lilikuwa mizani: gunia likipungua kikombe kimoja, alijua kabla hujalitua.

"Papa Faustin, unatoka wapi na maji yote hii?"

"Kwa kazi."

"Jua hii inakausha hata mate mu kinywa, na kazi yako inalowa?"

Kazi yenyewe haikuwa siri. Katika mtaa wao wa zamani kuta zilikuwa zinapasuka na sakafu zinatoka jasho. Wazee walikumbuka kwamba kijito kilipita hapo, Wazungu wakakifungia ndani ya mfereji wa matofali, wakajenga nyumba juu, kisha wakaenda zao na ramani. Wakaaji wakamchagua Faustin, fundi wa mabomba, atafute kinakopita. Mwana wa Yanonge, kijiji cha wavuvi, aliyezaliwa na harufu ya samaki kichwani: nani mwingine? Alitumbukiza katika shimo la juu mbila, kokwa ngumu za mawese, alizozipaka rangi nyeupe, akaenda nyumba kwa nyumba na chuma kirefu, ncha moja sakafuni, nyingine sikioni, akizisikiliza zikigongana chini kwa chini. Zilipopita, alichora mstari kwenye daftari.

Hayo Kaswera aliyavumilia. Kilichomchoma ni namna alivyoyasimulia.

"Leo alinipitisha chini ya chumba ya Papa Léopold," Faustin alisema, donge la lituma, ndizi za kupondwa, limesimama njiani kwenda mdomoni. "Nilifikiri ataenda tout droit. Kumbe! Akakata kushoto, pole-pole. Huyu iko na akili."

"Huyu nani?"

"Kijito."

"Kijito iko na akili?"

"Na sauti," akasema, akatabasamu.

Tabasamu hilo Kaswera alilifahamu. Alipewa miaka ishirini iliyopita, juu ya baleinière, mashua kubwa ya mbao, iliyotoka Isangi, yeye mwana wa milima akitapika ndani ya ndoo na kijana Faustin akimshikia kitambaa cha kichwa kana kwamba anashika taji. Tangu hapo hakuliona tena. Alidhani limekufa kifo cha kawaida, kama matabasamu ya waume wote. Kumbe lilihama nyumba tu.

Wivu wa Kaswera haukuwa wa kulia kitandani. Ulikuwa wa kuvaa viatu. Kesho yake mchana alifunga depo yake ya maharagwe, akapanda toleka, baiskeli ya kukodi, akakaa nyuma ya mwendeshaji.

"Fuata ile mutu ya chuma. Na usipige kengele."

"Mama, iko bwana yako?"

"Kanyaga!"

Faustin aliingia katika nyumba tupu nyuma ya kwa Papa Léopold. Kaswera akasubiri kidogo, akavua viatu, akanyata mpaka mlangoni. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi kando ya shimo lililofunuliwa kifuniko chake cha chuma, macho kafumba.

"Mm," alisema Faustin. "Mm. Hapana. Si nilikuambia hapana?"

Kutoka shimoni kikaja kicheko cha mwanamke, cha chini, cha karibu, cha mtu anayecheka mkono ukiwa mdomoni. Na harufu: samaki mbichi, na sabuni ile ya kuogea mtu anayekwenda kuonana na mtu.

Kaswera aliruka ndani. Akatazama nyuma ya mlango, akafungua kabati la ukutani. Mjusi mmoja, naye hakuwa na uso wa hatia. Basi akainama juu ya shimo, mikono kiunoni, akaachia sauti yake ya soko:

"Weye mwanamuke wa chini! Miye ndio bibi yake! Kama uko na haya, uje kwangu kesho midi, nikupakulie na mukono yangu, nione sura yako!"

Kicheko kikakatika. Hata maji yaliacha kupita. Kilikuwa kimya cha mtu aliyesikia vizuri.

Faustin alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Umefanya nini? Kwetu, mutu akiwa juu ya maji hasemi kama iko na bibi. Baba yangu alivua samaki miaka arobaini, na kila akipanda mutumbwi alikuwa célibataire! Maji iko na wivu. Huyu ananiuliza kila siku: uko na bibi? Namujibu hapana, ananionyesha njia."

"Donc unanikana."

"Ni technique!"

"Technique? Petro alimukana Bwana mara tatu, jogoo akawika. Weye unanikana kila siku, hata kuku haikohoe!"

Kesho yake, kwa kiburi tu, Kaswera aliandaa sahani tatu. Lituma, pondu ya majani ya mihogo, samaki wa liboke bado yuko ndani ya majani yake. Faustin alimwomba aondoe moja. Kaswera akaisogeza karibu zaidi na kiti kitupu, ili ajulikane kwamba yeye si mtu wa maneno matupu.

Kengele ya kanisa ya saa sita, midi yenyewe, ilipomaliza kulia, robine ya bafuni, bomba lililokauka tangu Pasaka, ikakohoa. Ikakohoa tena. Ndipo kwenye sementi kavu, mchana kweupe, jua likiingia dirishani na majirani wakisikika wakigombania kivuli, ikatokea alama ya unyayo mdogo wenye maji, kisha wa pili mbele yake, kisha wa tatu, zikaja bila haraka kama mgeni anayehesabu vyombo vya mwenyeji wake, zikapita karibu na miguu ya Kaswera mpaka baridi yake ikampanda magotini, zikazunguka meza, zikasimama nyuma ya mgongo wa Faustin kwa muda ambao hakuna mgeni mwenye adabu husimama nyuma ya mume wa mtu, na kiti kitupu kikavutwa, na majani ya liboke yakajifungua yenyewe moja baada ya jingine, na samaki akapungua, akapungua, mpaka ukabaki uti wa mgongo mweupe safi.

Sauti ikasema, laini, kutoka chini ya meza:

"Bibi, chumvi iko kidogo."

Nyayo ziliingia. Hakuna uliotoka.

Tangu siku ile upande wa Kaswera wa kitanda ulilowa chepechepe, upande wa Faustin ukabaki mkavu. Maputa yake, vitenge vya kutokea, yaliota ukungu sandukuni. Picha ya arusi iliyokuwa ukutani ikaingia maji: uso wa bibi arusi ukafutika, bwana arusi akabaki anacheka peke yake. Na Faustin alikaa toka asubuhi miguu ndani ya dimbwi lisilokauka, hali chakula, haongei, akisema tu "mm, mm". Kila siku dimbwi lilimfika juu kidogo. Siku ya nne lilimfika magoti, ingawa sakafu chini yake ilikuwa bapa kama meza. Kaswera alimvuta mkono. Ulikuwa baridi, nao haukuushika wake.

Akakimbilia kwa Mama Madina, mjukuu wa Waungwana, Waislamu wa zamani wa mji, fundi wa kupunga majini, mwanamke mwembamba mwenye Kurani ndani ya mfuko wa nailoni. Mama Madina aliingia, akainua pindo la nguo.

"Nani alimukaribisha?"

Kaswera akamnyooshea Faustin kidole. Faustin, ambaye siku nne hakusogeza hata ukope, akamnyooshea Kaswera.

"Bon," akasema Mama Madina. "Musikilize. Jini ya maji haifukuzwe na kelele. Huyu aliingia mu mulango ya uongo, atatoka na kweli. Bwana atasema kwa kinywa yake, kwa lile shimo: niko na bibi. Maneno tatu. Asiongeze hata moja."

Walimburura Faustin mpaka nyumba tupu, adhuhuri ya Jumamosi. Mama Madina akafukiza udi, akasoma mpaka moshi wenyewe ukainama. Faustin alipiga magoti, meno yakigongana kama mbila zake.

"Ni..." akasema. "Niko na bibi."

Chini ya mtaa mzima maji yakaguna, na sakafu ikatetemeka. Hapo ndipo Kaswera angeridhika. Mwanamke mwingine angeridhika.

"Bibi gani?" akauliza.

"Mama, nyamaza!" Mama Madina alinong'ona.

"Bibi iko elfu mu mji hii! Atafikiri ni mwingine! Ataje jina!"

"Papa, usitaje! Astaghafirullah, usitaje!"

Faustin aliinua kichwa, akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze alimwona, na lile tabasamu la baleinière likarudi usoni pake lote, na jina akalipeleka mwenyewe pale alipoombwa.

"Kaswera," akasema ndani ya shimo. "Jina yake ni Kaswera."

Maji yakaporomoka kwa kishindo, yakaenda mbali, mbali, mpaka yakawa kama pumzi. Jioni ile kitanda kilikauka pande zote. Mama Madina alikunja mfuko wake, akakataa hata chai.

"Nilisema maneno tatu," akasema mlangoni, asigeuke.

Faustin alimaliza mstari wake, vijana wa mtaa wakachimba, kijito kikapewa njia ya kwenda mtoni, kuta zikatulia. Hakutabasamu tena kwa mbali. Alitabasamu hapohapo, mezani, kwa mkewe. Kaswera alikuwa na kila alichokitaka, kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, mchana, akiwa peke yake deponi Makiso katikati ya magunia, aliitwa.

"Kaswera."

Alisogeza gunia la maharagwe. Sementi chini yake ilikuwa na jasho.

"Kaswera."

Miaka ishirini hakuna aliyekuwa amelitaja jina hilo hivyo, polepole, kama mtu anayeonja chumvi na kukuta imekolea. Alipiga magoti, akalaza sikio sakafuni. Harufu ya sabuni ikampanda. Viatu vyake vilikuwa vimeanza kulowa, na hakuvivuta. Alijikuta anatabasamu.

"Kaswera. Uko na bwana?"

Akatazama mlango. Nje, juani, Faustin alikuwa anavuka barabara na sahani ya chakula iliyofunikwa kitambaa, viatu vyake vikavu, akimpungia mkono kama kijana.

Kaswera akaweka mdomo karibu na sementi.

"Hapana," akasema.