Bendera ya Shimo la Tisa

Aliyenisimulia ni Oighrig, rafiki yangu wa chuo. Kudanganya hajui, angejua, angeajiriwa zamani.

Aliomba kazi ya kutunza nyasi kwenye uwanja mkongwe wa gofu ufukweni mwa kisiwa chetu, huku Uskoti. Klabu ikamnyima, eti alisema atafanya kazi hata Jumapili, siku ambayo kisiwani kwetu ni ya kanisa tu.

"Binti," Torcuil, nahodha wa klabu, alimcheka, "Jumapili hapa hata jogoo hawiki. Thubutu uone!"

"Aye, ndiyo, mzee. Nitacheza mashimo yote tisa mkiwa kanisani. Nikikimbia kabla ya la tisa, nichekeni mpaka nizikwe."

Jumapili ikafika, akaenda. Kwenye shimo la tano ukungu ukapanda kutoka baharini, asione hata viatu vyake. Kila alipopiga mpira, nyuma yake mtu naye alipiga: ta! Hatua hazikusikika, wala kikohozi. Adabu ya gofu ni kumpisha anayekufuata kwa kasi, kwa hiyo kwenye la nane alisimama pembeni, akapunga mkono.

"Pita basi! Lakini mimi sitoki!"

Hakuona wa kupita. Alisikia mawimbi, na zaburi za kanisani kwa mbali.

Alifika la tisa kichwa juu. Ukungu ulikuwa umepungua. Bendera ya shimo ilikuwa imeshang'olewa, imelazwa nyasini kwa uangalifu, kama afanyavyo mchezaji aliyetangulia. Kwenye umande hapakuwa na nyayo.

Alimaliza. Mpira ukatumbukia, akaingiza mkono shimoni kuutoa. Mlikuwa na mipira miwili, na ule usio wake ulikuwa na joto, kama uliotoka kiganjani mwa mtu sasa hivi.