Mstari Mweusi Juu ya Kadi ya Baba

Kavetsa alikuwa na desturi ya kuwakagua watu miguu kabla ya uso, kwa sababu uso hudanganya. Mwaka ule wa barakoa nyuso zenyewe zilikuwa hazionekani. Kwa hiyo alipoona viatu vyeusi vinavyong'aa vimesimama mbele ya kibanda chake cha kava za simu, kwenye veranda ya Barabara ya Uganda, katikati ya matope ya Aprili, alishuku papo hapo. Nani anang'arisha viatu Eldoret mwezi wa Aprili kama si mhubiri au tapeli?

Mwenye viatu alikuwa kijana mrefu mwenye koti la mvua la kijani, na mikononi alikuwa na glavu nyeupe za pamba. Watu walikuwa wakipitana kwa mabega, wauza soksi wakiita wateja, naye akasimama pale kwa utulivu akiomba kitambaa laini cha kufutia kioo, kile kisichoacha nyuzi.

"Wewe ni daktari wa simu?" Kavetsa akamuuliza.

"Wa kadi," akajibu, macho yakicheka juu ya barakoa.

Jina lake lilikuwa Kigen. Kazi yake ilikuwa kuwakanda misuli wanariadha kwenye kambi ya Kaptagat, nyumbani kwake mtaa wa Pioneer, na ugonjwa wake ulikuwa kadi za wachezaji wa mpira. Alizinunua, akazisafisha, akazituma Amerika kwa kampuni ya kuzipima. Huko, alieleza, wako watu wenye lenzi wanaokagua kona, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kisha hutoa alama, moja hadi kumi, na kuifungia kadi ndani ya kasha gumu la plastiki. Kampuni zilikuwa zimefurikiwa na kadi za dunia nzima. Unangoja mwaka mzima, halafu unaambiwa saba kwa sababu ya mkwaruzo walioona wao na Mungu peke yao. Kadi yake moja ilirudi bila alama yoyote, kwa vile kuna mtu aliyewahi kuipunguza kingo kwa wembe kabla yeye hajainunua.

"Na bado unatuma?"

"Nikipata kumi moja tu, nitasahau hizo zingine zote."

Kavetsa alicheka na kumuuzia kitambaa. Wiki iliyofuata Kigen alirudi kununua kingine. Alipofika kitambaa cha tano, hata muuza soksi alijua kwamba hakuna kadi duniani zinazohitaji kufutwa hivyo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Walipendana, hilo tuliseme wazi. Kavetsa alimpenda Kigen kwa jinsi alivyoshika vitu taratibu, na kwa jinsi alivyomngoja afunge kibanda bila kumharakisha. Lakini alipenda huku jicho moja liko wazi. Kigen akipokea simu na kuzungumza Kikalenjin, yeye alikuwa akisikiliza kama atasikia jina lake. Januari ya 2008, kura ilipozua vita vya makabila naye akiwa na miaka tisa, nyumba yao ya mtaa wa Langas iliteketezwa na majirani Wakalenjin ambao babake aliwatambua kwa sauti. Walikimbilia kambi ya wakimbizi ya shoograundi, kwenye uwanja wa maonyesho, na huko, Machi, babake akafa kwa ugonjwa wa kifua. Mamake alirudi Langas na kuendelea kuuza njugu. Tangu hapo, kila mwaka wa kura, alifunga mizigo akampeleka mwanawe kijijini kwao Mbale mpaka mambo yatulie. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kitu kimoja tu cha baba kilikuwa kimebaki. Ilikuwa kadi ya mshambuliaji wa Kameruni ya 1990, aliyopewa na injinia Mwitaliano kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi. Ilitoka motoni ndani ya mfuko wa shati lake. Baada ya mazishi mamake aliifungia ndani ya karatasi ya nailoni na kumkataza Kavetsa kuifungua, naye hakuifungua. Aliijua kwa macho: jezi ya kijani, mkono uliopunga, na mstari mweusi wa moshi uliopita juu ya nywele za mchezaji. Mstari ule kwake ulikuwa ndio moto wenyewe, umebaki kwenye kadi kama kovu.

Kigen alipoiona aliisogeza kwenye mwanga. Akasema anaweza kuipeleka ipimwe, ili ijulikane ni ya kweli na ikae salama kwenye kasha lisiloingia maji wala vumbi. Kavetsa alikataa. Mwezi mzima alikataa. Kisha siku moja akaitoa mkobani na kumpa, na hilo, kwa mtu wa aina yake, lilikuwa kubwa kuliko kusema ninakupenda. Kigen aliiunganisha na zake, na Nur, mwenye duka la mizigo karibu na msikiti, akazisafirisha.

Halafu wakangoja. Mwaka ukaisha.

"Umekula, mpenzi?" Kigen angeuliza kwa simu.

"Nimekula. Kadi yangu iko wapi?"

"Sasa hata salamu hakuna, Kave?"

"Salamu ndiyo hiyo."

Kigen akamweleza kwamba zimepokewa, kisha kwamba ziko foleni, kisha tena kwamba ziko foleni. Pale sokoni watu walisema kadi moja ya zamani hununua ploti ya kujenga nyumba. Mamake hakusema mengi. Aliuliza tu, akikaanga njugu, kama kijana yule bado anaonekana.

Kadi ilirudi Julai ya 2022, wakati kampeni zilipokuwa zimepamba moto na majirani wa Langas wameanza kusafirisha vitanda na makochi usiopenda kuuliza yanakwenda wapi. Kigen aliileta kibandani amevaa shati jipya jeupe. Kasha lilikuwa zuri, kadi ilikuwa ya kweli, na alama yake ilikuwa mbili. Walioipima waliandika kwamba karatasi ilikuwa na madoa ya mafuta na mikunjo. Kigen alikuwa ametarajia sita, akaanza kuomba msamaha kwa ajili ya wapimaji, lakini Kavetsa hakuwa akitazama alama. Alikuwa akitazama nywele za mchezaji. Mstari mweusi haukuwapo.

"Hii si yangu," akasema.

Kigen alidhani anatania. Alipoona hatanii, alitoa simu na kumwonyesha picha alizopiga kabla ya kuituma, siku aliyopasua nailoni na kuitupa. Kwenye picha pia mstari haukuwapo. Kumbe aliibadilisha siku ile ile, Kavetsa akawaza.

"Nyumba mlichoma," akasema polepole. "Sasa hata kadi ya baba yangu, Kigen?"

"Mimi nilikuwa darasa la saba, Kaptagat."

"Basi ni ndugu zako."

Kigen aliweka kasha juu ya kava za simu, akageuka, akaenda. Hakupiga simu siku ile, wala wiki ile. Kavetsa alilia kwa hasira, kisha akalia kwa kumkosa, na hakujua kipi kilimuuma zaidi.

Wiki ya pili mamake alikodi lori la kuwapeleka Mbale kabla ya kura. Viti vilikuwa vimekwisha kufungwa kwa kamba, lakini njugu za mwisho zilikuwa hazijafungashwa, hivyo jioni mama na binti wakakaa chini na mshumaa. Kavetsa alipima njugu kwa kijiko, mamake akakunja midomo ya vijikaratasi vya nailoni na kuipitisha juu ya moto ili ishikane. Kazi hiyo Kavetsa alikuwa ameitazama maisha yake yote. Pakiti moja ilikaa motoni kupita kiasi, ikatoka na mstari mweusi wa masizi. Mamake akaukunja ule mdomo nyuma na kuubana, akaitupa pakiti kwenye beseni. Kavetsa aliiokota. Mafuta ya njugu yakamshika vidoleni.

"Mama, ile kadi uliifunga na nini?"

Mamake hakuinua macho. "Na hii. Ningetoa wapi ingine pale kambini?"

"Mstari ulikuwa wa mshumaa. Ulikuwa kwa nailoni, si kwa kadi."

Mshumaa ukatoa moshi kidogo.

"Na ulijua," Kavetsa akasema. "Umenisikia nikilia wiki mbili na ulijua."

"Nilijua," mama akasema. "Nilitaka twende, mwanangu. Nilimzika mmoja, sina nguvu ya kuzika wawili. Nikaona afadhali umchukie."

Kesho yake mvua ikinyesha Kavetsa alikwenda kwa Kigen, Pioneer. Kigen alimfungulia mlango lakini hakumwambia aingie. Kavetsa alimweleza yote pale kizingitini, mshumaa, nailoni, njugu, na akamwomba msamaha kwa neno lile la ndugu zake bila kulipunguza.

"Na kama mama yako hangefunga njugu jana?" Kigen akauliza.

Kavetsa angeweza kudanganya. "Ningekwenda Mbale. Ningekuita mwizi mpaka nizeeke."

Kigen aliegemea mlango. "Mama yangu huniuliza kila siku kama unanipenda ama unatafuta pahali pa kujificha kura ikiharibika. Sijawahi kumjibu."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na jibu."

Ilimchoma Kavetsa, na alijua hana haki ya kulalamika. Wote wawili walikuwa wamepimana mwaka mzima, kila mmoja akitafuta mkwaruzo kwa mwenzake. Akapangusa maji usoni.

"Kila mtu anasema mambo yangoje kura ipite," akasema. "Mimi sitaki. Ikipita salama, utakuja kwetu kwa sababu ni salama. Ikiharibika hutakuja. Kama unanitaka, kuja kwetu uniombe sasa, wakati hakuna mtu anajua nani atashinda."

"Mama yako atanikubali?"

"Hatakukubali. Lakini atakupikia."

Kigen akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasogea ili Kavetsa aingie.

Jumamosi kabla ya kura, mchana kweupe, Kigen aliingia Langas na mamake, mama amevaa sweta la kanisa na kubeba maziwa, jasho likimtoka kwa hofu. Majirani walisimama milangoni. Dereva wa lori alikuwa amefika na alitaka kujua kama apakie. Mama Kavetsa aliwatazama wageni wawili waliosimama katikati ya chumba kisicho na pa kukalia. Kisha akachukua kisu jikoni, akainama, akakata kamba za viti.

"Kaeni," akasema.