Mvua Isiyowanyeshea

Ekseli ilikatika saa nne asubuhi, gari likalala ubavu mtaroni. Mkunga alitoka na jeraha juu ya jicho. Shemeji yake, aliyekuwa akiendesha, alitoka akichechemea. Maji ya kunywa yalibaki chupa moja.

"Tupite korongoni," shemeji alisema. "Mwendo wa saa moja tu, tuko zahanati. Kupanda mlima ni kutwa nzima, na mguu huu?"

Korongo lilikuwa ufa ndani ya mwamba. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mkunga alisimama mlangoni. Juu yao anga lilikuwa jeupe, halina doa. Lakini kule milimani, korongo linakoanzia, wingu zito lilikuwa limeshusha pazia la mvua. Na ukutani, juu kuliko kichwa chake, vijiti na nyasi kavu vilikuwa vimenasa.

"Nyasi hizo zilipandishwa na maji, shemeji. Siingii."

"Mvua iko kule, sisi tuko huku! Mambo hayajazaliwa, wewe ushayaogopa."

Akaingia.

Mkunga aligoma kumfuata, mpaka upepo wa baridi ulipovuma kutoka ndani, unanuka tope. Mchirizi wa maji ya kahawia ukamlamba viatu. Hapo alikimbia, akamkuta hatua thelathini mbele, akamkamata ukosi.

"Panda!"

"Mguu..."

"Panda na mguu wako!"

Alimsukuma kwa bega hadi kwenye ukingo wa jiwe, naye akakwea nyuma yake huku kucha zikikatika. Korongo likanguruma. Maji yakaja yamesimama kama ukuta, yamebeba magogo na mawe. Yakawafika magotini, kisha kiunoni. Shemeji akateleza, mkunga akamdaka mkono, akakita kisigino kwenye ufa.

"Niachie, tutakufa wote!"

"Sikuachii! Nimevuta wakaidi kuliko wewe, na wote walitoka!"

Akavuta. Mwamba ulimchuna mgongo, naye akayatukana maji matusi ambayo wazazi wodini hawajawahi kuyasikia kwake. Maji hayakumpata.

Alasiri yalipopungua walishuka, wakaupanda mlima, shemeji amemwegemea begani. Walifika zahanati usiku wa manane, midomo imepasuka.

"Mmepitia wapi?" mlinzi aliuliza.

Shemeji alimtazama mkunga, ambaye tayari alikuwa ananawa mikono aingie kazini.

"Alikosema yeye," alijibu. "Baada ya mimi kubisha."